Barua ya Acton, mzee Noggs, na makala zisizo na jina

Msimu wa uchaguzi ukikaribia lazima utaiona kwenye stetasi za watu, maandishi meupe juu ya rangi nyeusi, wakati mwingine na picha ya simba pembeni sijui kwa nini: madaraka hupotosha, na madaraka yasiyo na mipaka hupotosha kabisa. Chini yake jina, Lord Acton. Basi. Huyo Acton ni nani, alikuwa anamwambia nani, kuna ugomvi gani hapo, hakuna anayeuliza, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, mwaka fulani niliiweka nikatumiwa makopa kama yote.

Sasa kumbe wengi tunaikata. Yeye hakusema madaraka hupotosha, alisema huelekea kupotosha, na hako kaneno ndiko kanakoonyesha kwamba alikuwa mwanahistoria na sio mtu wa kuandika mabango. Halafu hakuisema kwenye hotuba wala kwenye kitabu. Aliiandika kwenye barua, tarehe 5 Aprili 1887, na aliyeandikiwa barua ni mhariri wake. Yaani ule msemo unaobandikwa kwenye bajaji umetoka kwenye mzozo wa mwandishi na mhariri kuhusu makala moja ya uhakiki wa kitabu! Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu usiku, maana mimi nimewahi kuwa mhariri (nitafika hapo), na najua barua za namna hiyo huwa zinaandikwaje, mtu anaanza kwa heshima zote halafu kwenye aya ya tatu anakutoboa.

Ila nikitaka kuieleza vizuri inabidi nirudi nyuma karibu miaka thelathini, kwa sababu Acton hakuanzia hapo. Alianzia kwenye jarida dogo la Wakatoliki wa Uingereza lililoitwa The Rambler, na barua alizoandikiana na mhariri mwenzake Richard Simpson zipo, zimechapwa mabuku matatu kati ya 1971 na 1975. Nimezisoma kwa kurukaruka miezi kadhaa, siwezi kudanganya kwamba nimemaliza, kuna kurasa nzima za kuulizana kitabu fulani cha Kijerumani kimefika au hakijafika.

Mazingira kwanza, haraka haraka. Uingereza ya wakati ule kwa Roma ilikuwa nchi ya misheni. Ndiyo, kama sisi. Maaskofu wenye majimbo walirudishwa 1850 tu baada ya karne tatu, na mpaka 1908 walikuwa chini ya ile idara ya Roma inayoshughulikia uenezaji wa imani, ofisi ileile iliyokuwa inasimamia misheni za Afrika. Wakatoliki wenyewe walikuwa mchanganyiko mgumu, kuna familia za zamani zilizovumilia mateso ya miaka mia tatu na zimezoea kukaa kimya, kuna Waireland maskini waliojaa mijini, halafu kuna hawa waongofu wapya wasomi kutoka Oxford waliokuja na digrii zao na midomo yao. The Rambler lilikuwa la hawa wa mwisho. Mmoja wao, John Moore Capes, alilianzisha 1848.

Simpson naye alikuwa mwongofu, zamani mchungaji wa Kianglikana, akaacha parokia yake akaingia Ukatoliki 1846. Kwa kuwa alikuwa na mke hakuweza kuwa padri, kwa hiyo akabaki mlei mwenye elimu ya dini kuliko mapadri wengi, na hiyo wewe mwenyewe unajua inavyokwaza watu. Mcheshi sana. Anapiga muziki, anachambua Shakespeare (yeye ndiye wa mwanzomwanzo kushika bango kwamba Shakespeare alikuwa Mkatoliki), na hawezi kumaliza ukurasa bila kuchokoza mtu. Acton ni tofauti kabisa. Kazaliwa Napoli 1834, familia kubwa, vyuo vitatu vya Cambridge vilimkataa kwa dini yake hivyo akapelekwa Munich kusoma kwa padri Döllinger, mwanahistoria mkubwa wa Kijerumani, akarudi na umri wa miaka ishirini na kitu kichwa kimejaa nyaraka na nyumba imejaa vitabu. 1858 akanunua hisa kwenye jarida. Kwa hiyo huyu yuko Aldenham mashambani huko Shropshire, au yuko safarini Ulaya, au baada ya 1859 yuko bungeni, na Simpson yuko Clapham, kusini mwa London, na kazi yote inafanyika kwa barua. Posta ya peni moja ilikuwa imeanza 1840, unabandika stempu barua inakwenda kokote nchini, treni zinabeba, na London yenyewe postamani anapita mara nyingi kwa siku, kwa hiyo usiwafikirie kama watu wanaosubiri wiki tatu. Ni kama imeili za ofisini. Ukisoma unasikia kabisa ule mwendo: ile makala nimeipata, ni ndefu, yule ameahidi hajaleta, tumebakiza kurasa kadhaa uandike chochote.

Kitu kimoja ambacho lazima ukielewe, la sivyo hutaelewa vurugu zote zinazofuata: makala nyingi zilikuwa hazina jina la mwandishi. Ndiyo ilikuwa desturi ya majarida ya Kiingereza wakati huo. Jarida linasema "sisi". Sasa "sisi" ikimuudhi askofu, askofu anamtafuta nani? Mhariri.

Na hapa naomba niingize habari yangu. Kwa miaka mitatu hivi nilihariri kijarida cha parokia. Kusema nilihariri ni kujipa cheo, maana nilikuwa napokea karatasi baada ya misa ya pili, napiga chapa, natafuta picha, napeleka steshenari, narudi na maboksi kwenye bodaboda. Kurasa nane, A4 mbili zimekunjwa, pini mbili katikati. Na sisi tulikuwa hatuweki majina, tuliyakuta hivyo, tukaambiwa ni unyenyekevu. Mwandishi wangu mzuri kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu, naomba nimwite Mwalimu tu, anaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za kaunta buku, mwandiko wa ubaoni kabisa, hana kosa la nukta. Siku moja akaleta kurasa tatu kuhusu michango ya ujenzi, hakumtukana mtu, aliuliza tu hesabu zinasomwa lini. Mimi nikakata aya mbili bila kumwambia, nikijiona nimemlinda. Ikatoka. Wiki iliyofuata nikaitwa kwenye kikao, wazee wamekaa mezani, soda hazijafunguliwa, nikaulizwa nani kaandika hii. Nikamtaja. Haikuchukua hata dakika.

Basi ndiyo maana hizi barua za watu waliokufa zamani zilinishika.

Agosti 1858 Acton kwenye uhakiki mfupi wa kitabu cha historia alichomeka sentensi moja, kwamba kwa kuwa Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu mkuu wa Kanisa la Magharibi hakuna haja ya kuficha kwamba alikuwa pia baba wa Ujanseni. Ujanseni ni uzushi wa karne ya 17. Yaani umemchukua babu wa teolojia nzima ukamwambia wale wazushi ni wajukuu zako. Sentensi moja! Kwenye uhakiki ambao hata haukuwa unamhusu Augustino! Moto ukawaka, Döllinger mwenyewe akaandika barua ndefu kwa jarida kutetea hoja ya mwanafunzi wake, ikachapwa Desemba, na ndiyo kama amemwagia mafuta, malalamiko yakafika Roma. Ukimuuliza mhariri yeyote atakwambia sentensi zinazoleta balaa ndizo hizi, sio ile makala uliyoisoma mara nne ukiwa na wasiwasi, ni ile ya kujazia ukurasa.

Hapo katikati wakaenda kuomba ushauri kwa mzee John Henry Newman, Birmingham. Newman alikuwa mwongofu maarufu kuliko wote, wakati huo anakaribia sitini, ametoka Dublin ambako aliongoza Chuo Kikuu cha Kikatoliki na kuchoka. Hadharani ni mpole, mwangalifu, kila sentensi imepimwa. Acton alimtembelea mwishoni mwa Desemba 1858, akamwandikia Simpson mwanzoni mwa Januari barua ambayo mimi naiona ndiyo tamu kuliko zote. Kwanza hawamwiti Newman. Wanamwita Noggs, jina la yule karani mlevi kwenye riwaya ya Dickens ambaye jina lake la kwanza pia ni Newman. Fikiria, mtu ambaye leo ni mtakatifu, vijana wa jarida walikuwa wamemsevu Noggs. Acton anasema amekaa naye masaa matatu na mzee hatimaye kafunguka, kasema ya moyoni kiasi cha kumshtua, kuhusu mambo na kuhusu watu, kuhusu ujinga na kiburi cha wanaojiita wanateolojia, na, shika hapa, kuhusu jinsi watu wenye madaraka kwa asili yao wanavyoelekea kuwa madikteta. Kwa kifupi, anamalizia, ni yale ambayo mimi na wewe tungeongea kwa raha zetu kwenye glasi ya wiski.

Umeona? Januari 1859. Ile ya stetasi ni ya 1887. Sisemi Acton alimuibia mzee, wazo lenyewe ni la kale na yeye alilifanyia kazi maisha yake yote kwenye makavazi. Ila nikiusoma mstari ule kwenye barua ya kijana wa miaka 24, umesemwa kama umbea, kati ya habari nyingine za umbea, naona kabisa mbegu iko pale.

Mwezi huohuo wa kwanza jarida likatoa makala kuhusu shule. Serikali ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza elimu ya watoto wa kawaida, maaskofu wa Kikatoliki wakasema hatushirikiani, na makala ikasema jamani tungeshirikiana. Aliyeandika ni Scott Nasmyth Stokes, mkaguzi wa shule, mtu anayejua anachosema. Maaskofu wakakutana Februari wakaamua: Simpson aondoke kwenye uhariri, la sivyo tutalikemea jarida kwenye nyaraka za kichungaji. Makala ya Stokes, sentensi ya Acton, barua ya Döllinger, anaondoka Simpson. Na Simpson, pamoja na uchokozi wake wote, akakubali kuondoka. Sijaona mahali amesema jamani ile siyo yangu.

Aliyetumwa kulimaliza hilo ni Ullathorne, askofu wa Birmingham, ambaye utotoni alikuwa baharia kabla ya kuwa mmonaki, mtu wa moja kwa moja. Akamwendea Newman aongee na vijana. Mazungumzo yakaenda yakarudi, barua juu ya barua, mwisho ikaonekana mtu pekee ambaye pande zote mbili zitamkubali kama mhariri ni Newman mwenyewe. Akachukua Machi. Hakutaka, na ukiona barua zake za wiki hizo unamuonea huruma. Akalifanya liwe la kila miezi miwili, akatoa toleo la Mei na la Julai. Matoleo mawili tu. Na hayo mawili yalimgharimu karibu miaka minane.

Toleo la Mei aliandika, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba bila shaka maaskofu wanapenda kujua maoni ya walei kwenye jambo linalowahusu walei kama shule, maana hata lile fundisho la Bikira Maria kukingiwa dhambi ya asili lilipokuwa linaandaliwa kabla ya 1854 waamini waliulizwa. Ndani ya wiki ikaja barua kutoka Ushaw, seminari ya kaskazini, ya profesa wa teolojia Dr John Gillow, kwamba huwezi kusema waamini wanatakwa ushauri kwenye mafundisho ya imani, hiyo inanuka uzushi. Wakaandikiana. Na majibu ya Newman kwa Gillow ndiyo shule ya jinsi ya kumjibu msomaji aliyekasirika: hakumkejeli, hakukimbia, alimshika kwenye neno lenyewe, lile la Kiingereza consult. Baadaye akaiweka kwenye makala ya Julai kwa mifano, kwamba kwa Kiingereza hata ukiangalia kipimahewa unatumia neno hilohilo, na saa, na kwamba daktari "humuuliza" mgonjwa kwa kumshika mapigo, lakini siyo kwa namna mgonjwa anavyomuuliza daktari. Kwa Kiswahili ugomvi huu ungekufa mapema, maana sisi tuna kushauriana, tuna kuuliza na tuna kupima, kila moja na lake, ingawa namjua mtu ambaye angeanza kugombana na "kupima" pia.

Tarehe 22 Mei Ullathorne akaja tena. Newman aliandika kumbukumbu ya mazungumzo yale. Askofu akasema kitu kama hiki, kwani walei ni kina nani? Newman akajibu, anasema siyo kwa maneno hayohayo, kwamba Kanisa lingeonekana la ajabu bila wao. Nimekisoma hicho kipande nikiwa kwenye daladala nikacheka kwa sauti. Lakini siyo mazungumzo ya kuchekesha, maana palepale askofu akampa wazo la kuacha uhariri baada ya Julai, na Newman akakubali siku hiyohiyo.

Mtu mwingine angetoa toleo la mwisho la maua na heri. Yeye akatoa ile makala ndefu ya kuwauliza waamini, akaenda mpaka karne ya nne, akaonyesha kwamba baada ya Mtaguso wa Nisea wa 325, wakati wa msukosuko wa Waario, yaani waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, maaskofu wengi waliyumba na walioshika imani ni watu wa kawaida waliobatizwa. Bila jina lake juu. Halafu akarudi zake Oratorio, nyumba ya mapadri wake kule Birmingham.

Oktoba askofu Brown wa Newport akaishitaki makala Roma. Na sasa sikiliza hii, kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha yote. Newman hakusubiri kutajwa. Januari 1860 alimwandikia Kardinali Wiseman, mkuu wa Wakatoliki wa Uingereza, ambaye alikuwa Roma, akasema niambieni ni sehemu zipi hasa, nitazieleza. Roma wakaandaa orodha ya sehemu wanazotaka zielezwe. Orodha akapewa Wiseman. Na Wiseman, mgonjwa, mwenye mambo mengi, hakumpa. Newman akapata tu ujumbe kupitia Manning, padri wa chini ya Wiseman, kwamba Kardinali akirudi atalimaliza. Kardinali akarudi. Kimya. Newman akadhani yameisha. Roma wakadhani kagoma kujibu. Mpaka 1867! Wiseman alishakufa 1865, na mapadri wawili wa Newman walipokwenda Roma kwa jambo jingine ndipo wakaambiwa, mbona mkubwa wenu hakujibu maswali yetu? Maswali gani?

Miaka saba na kitu mtu anaonekana mkaidi kwa sababu karatasi ilibaki kwenye meza ya mtu mwingine. Mwaka huohuo wa 1867 Monsinyori George Talbot, mtu wa Papa, alimwandikia Manning kwamba Newman ndiye mtu hatari kuliko wote Uingereza, na kazi ya walei ni nini, kuwinda, kupiga bunduki na kukaribisha wageni, hayo ndiyo wanayoyaelewa. (Walei aliowajua yeye inaonekana walikuwa na mashamba.) Mwisho wake unaujua, 1879 Papa Leo XIII akamfanya Newman kardinali, 2019 akatangazwa mtakatifu. Lakini mtu alikuwa na miaka 58 alipoandika ile makala na 66 alipojua kilichotokea, hiyo ni miaka ya kazi, hairudi.

Simpson na Acton wao waliendelea. Newman alishawashauri mara nyingi: achaneni na teolojia, andikeni historia, siasa, fasihi, mtakuwa salama. Hawakuweza. Kwenye barua yake moja Newman anamchora Simpson kama mtu aliyepanda farasi barabara kuu, anawachapa maaskofu kwa mjeledi kwenye sehemu zinazouma, anarusha mawe kwenye mabaraza ya Roma, na kadinali yeyote akikosea akachungulia dirishani anapuliziwa kunde kwa mrija. Nimejaribu mara nyingi kumtetea Simpson kichwani nimeshindwa, kwa sababu picha ni ya kweli. Na bado nampenda. Acton hakuwahi kumtosa. Alikuwa na jina, na cheo, na kiti bungeni, angeweza kabisa kusema tatizo ni huyu wa Clapham, na maaskofu wangefurahi, lakini barua zinaendelea tu, wiki kwa wiki, kitabu hiki kimefika, ile makala naikata, njoo Aldenham. 1862 Rambler likageuzwa kuwa Home and Foreign Review, la kila miezi mitatu, zito zaidi, hata mshairi na mhakiki Matthew Arnold ambaye si Mkatoliki akalisifia. Desemba 1863 Papa Pius IX akamwandikia askofu mkuu wa Munich kwamba wasomi Wakatoliki hawafungwi na mafundisho makuu tu bali pia na maamuzi ya mabaraza ya Roma, na Acton akaona jarida lake haliwezi kuishi chini ya hilo bila kudanganya. Aprili 1864 akalifunga mwenyewe, kwa makala yenye jina lake. Hakutaka kushindana na Kanisa na hakutaka kuandika asichokiamini, hivyo akazima taa. Simpson alifariki 1876. Alifia Roma, kati ya miji yote.

Sasa ndiyo turudi 1887. Acton amekuwa mtu mzima, ni mwandishi tu, na mhariri ni Mandell Creighton, padri wa Kianglikana, profesa Cambridge, anahariri English Historical Review lililoanza mwaka mmoja nyuma. Creighton ametoa mabuku mapya ya historia yake ya mapapa na, kwa ujasiri au kwa kutojua, akamuomba Acton ayahakiki kwenye jarida ambalo yeye Creighton ndiye mhariri wake. Uhakiki ukaja, mkali mno. Na kosa kubwa ni hili: Creighton, Mprotestanti, amewaonea huruma mno mapapa wa wakati wa Aleksanda VI, papa mwenye sifa mbaya ya ufisadi. Mkatoliki ndiye anayelalamika! Kwenye ile barua ya Aprili Acton anamwambia siwezi kukubali kwamba Papa na mfalme tuwahukumu tofauti na watu wengine, kwa kudhani kwamba hawakukosea. Kama kuna dhana basi iwe kinyume chake, na izidi kadiri madaraka yanavyozidi. Halafu ndipo unakuja ule mstari. Creighton akamjibu kwa upole, bila kukubali. Na uhakiki akauchapa, mwaka huohuo, kwenye jarida lake, dhidi ya kitabu chake. Barua yenyewe watu waliisoma baada ya wote wawili kufa.

Namfikiria sana Creighton siku ile yuko na zile karatasi mezani. Mkasi uko mkononi mwake.

Juzi nilimtumia Mwalimu meseji, ndefu, niliifuta mara tatu. Shikamoo Mwalimu, nikamweleza lile la aya mbili, na lile la kikaoni, ambalo nadhani alishalijua maana baada ya pale hakuleta tena kitu na mimi sikuuliza. Siku mbili tiki za bluu, hakuna jibu. Ya tatu akaandika: Marahaba. Zile karatasi zangu unazo? Ninazo, zote tatu, ziko kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti za steshenari. Akasema Jumamosi atamtuma mjukuu azifuate, na aya zilizokatwa niziwekee alama kwa penseli, siyo kwa kalamu.